Jiwe la Kijani Lilipokwisha

Mzee mmoja myeyusha shaba alipofariki aliwaachia wanawe wawili mlima na tanuru. Mlima ulikuwa na jiwe la kijani. Tanuru alikuwa amelijenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, kwenye uwanja wa tambarare kando ya kijito. Mwana wa kwanza aliitwa Monga, wa pili Kyembe. Kwa baba yao walikuwa wamejifunza kazi yote: kuchimba, kuvunja jiwe kwa nyundo, kulipanga tanuruni tabaka kwa tabaka na makaa, kisha kupuliza kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi mpaka shaba ishuke, nyekundu, ikitiririka kama uji. Kijiji kizima kilikula kwa mlima ule.

Monga ndiye aliyeshika tanuru. Alijua joto kwa kutazama rangi ya moto tu. Watu walimwita fundi, na jina hilo lilimkaa vizuri.

Halafu jiwe la kijani likaisha. Chini yake wakakuta jiwe la kijivu, gumu, lenye chembe zinazometameta. Monga akalitia tanuruni kama alivyozoea. Ukatoka moshi mkali unaokata koo, ukashukia shamba la jirani na kuyaunguza maharagwe yakiwa bado na maua. Ngoie, mkewe Monga, akaanza kukohoa. Na kilichotoka tanuruni baada ya taabu yote hiyo kilikuwa donge jeusi, ukiligonga linavunjika kama kigae. Monga akaongeza makaa, akaongeza watu wa kupuliza. Moshi ukazidi, donge likabaki donge.

Watu wakasema mlima umekufa. Kyembe akafunga mzigo, akaondoka na wenzake kwenda kutafuta jiwe la kijani kwenye vilima vingine. Monga akabaki, amekaa mbele ya tanuru lililopoa, ana hasira kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. Ngoie ndiye aliyemwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Numbi, jiwe likikushinda wewe, ndiyo limekufa? Lifunge kwenye kitambaa, nenda ukaulize."

Akatembea mpaka bonde la pili, kwenye kiwanda kilichosimamiwa na mhandisi mmoja mwanamke, jina lake Feza, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. Monga, mwenye mvi kidevuni, akasimama mbele yake kofia mkononi. Hilo lilimuuma kuliko moshi. Feza hakucheka. Alilipokea jiwe kwa mikono miwili, akalisaga likawa unga, akautia unga kwenye maji pamoja na matone ya dawa, akapuliza hewa kutoka chini. Povu likapanda, jeusi, zito, linang'aa, na mchanga ukazama. Shaba ilikuwa kwenye povu. Tangu utotoni Monga alijua kwamba jiwe huzama, na sasa alikuwa analiona likielea.

Akaomba kazi, akabaki pale mpaka mvua zikapita. Akajifunza kusimamia kinu cha kusagia jiwe na kuliondoa povu. Akaona povu lililokaushwa likiyeyushwa katika tanuru lililofungwa, ambalo moshi wake haukuachwa uende kwa jirani bali ulinaswa na kugeuzwa asidi. Akaona shaba ikimiminwa iwe mabamba, mabamba yakitundikwa kwenye matangi ya maji ya asidi, umeme ukipitishwa, na shaba ikihama kimyakimya kutoka bamba chafu kwenda bamba safi, uchafu ukibaki chini. Siku hiyo hakula. Alikuwa akidhani anaijua shaba, kumbe alikuwa anaujua moto tu.

Aliporudi aliwaeleza watu wa kijiji: watajenga kinu chao na matangi yao ya povu, na povu likikauka litapelekwa kwenye tanuru la bondeni. Wakakubali. Lakini kinu kilihitaji maji na uwanja wa tambarare, na hapakuwa na pahali pengine pa namna hiyo ila pale palipojengwa tanuru la baba.

Habari zikamfikia Kyembe huko alikokuwa, kwenye vilima alivyovichokonoa bila kushiba. Akaja na vumbi mwilini, akasimama mbele ya tanuru, akatandaza mikono. Akasema mwenye kulibomoa anaivunja mikono ya baba. Na wengine pale walikuwa wamemwona mzee akiukanda udongo ule kwa miguu yake.

Monga akainua nyundo, akamwambia mdogo wake, "Baba hakuchimba mlima ili apate tanuru. Alijenga tanuru ili apate shaba. Sogea, ndugu yangu, au tusaidiane."

Kyembe akasogea, tanuru likabomolewa. Hakushika nyundo siku ile. Alikuja kuishika walipokuwa wakiweka msingi wa kinu.

Mlima ule unalisha kijiji hadi leo, na wanachimba mbali chini ya pale alipofika mzee. Maharagwe ya jirani yanachanua. Asidi iliyotokana na moshi wanaipata kutoka bondeni, wanaoshea vifusi vya zamani ndani ya matangi, na vifusi vile, ambavyo mzee alivitupa akidhani ni takataka, vinatoa shaba. Monga amezeeka. Akisikia kuna mashine mpya mahali fulani, huuliza njia ya kufika huko.

Basi wewe uliyeachiwa kitu na wazazi wako, unalinda walichokijenga, au unakwenda walikokuwa wakienda?