Mtawa Aliyefumua Vikapu vya Mwenzake

Watangulizi wetu katika imani walisimulia kwamba zamani, katika jangwa la Misri, palikuwa na nyumba ya watawa wa kike waliojipatia riziki kwa kusuka vikapu vya ukindu. Desturi yao ilikuwa kwamba kila mtawa ale jasho lake mwenyewe.

Miongoni mwao alikuwamo Teodula, mja wa Mungu aliyesali kwa bidii na kufunga bila kunung'unika, ila mikono yake, jamani, haikujua kutulia. Jirani yake kazini alikuwa Bibi Marsiana, ajuza mwenye vidole vya kutetemeka. Vikapu vyake vilitoka vimepinda upande, na kila Teodula alipovitazama, roho ilimkereketa. Basi ajuza akienda kusali, Teodula hukivuta kile kikapu, akakifumua, akakisuka upya. Dhamiri ikimuuliza, huijibu kwamba anasaidia. Msaada gani huo, wa kumharibia mtu kazi yake kila siku?

Ikawa siku moja Bibi Marsiana hakutokea mezani. Kesho yake pia hakutokea. Teodula akamfuata chumbani na bakuli la uji.

"Mama, kula. Utakufa na njaa."

"Nile jasho la nani, mwanangu?" akasema ajuza kwa upole. "Kikapu ninachokiacha mchana sicho ninachokikuta jioni. Nilidhani nitazoea, lakini jambo hili limeniuma."

Teodula akashikwa na haya. "Ni mimi, Mama. Nisamehe. Naapa mbele za Mungu sitakigusa tena."

"Nimekusamehe. Lakini nitakula siku nitakayosuka kikapu changu na kikabaki changu."

Kesho yake, jua halijafika utosini, Teodula akajikuta amekishika kikapu cha ajuza, keshafumua mizunguko miwili. Hapo alijichukia kweli.

"Ee Bwana," akalalamika, "nimefunga, nimelia, nimeapa. Mama wa watu anakufa, na mimi bado nafumua. Nina kichwa cha namna gani?"

Akiwa bado amekasirika, akatambua kwamba aliikataza mikono kazi moja, wala hakuipa nyingine. Bibi Marsiana aliporudi kutoka kusali, Teodula akaketi karibu naye, akaanza kuloweka ukindu na kumpa mmoja baada ya mwingine. Kikapu kikapinda mbele ya macho yake. Aliumia, akaendelea kuloweka.

Kilipokwisha, alikipeleka sokoni mwenyewe.

"Nani amesuka kitu hiki?" akauliza mnunuzi.

Teodula alitamani kusema si yeye. Lakini akajibu, "Kimesukwa nyumbani kwetu, nacho kinabeba mzigo kama vingine."

Mnunuzi akaguna, akampa kibaba cha dengu.

Jioni Bibi Marsiana aliketi mezani, akala, akaomba aongezewe. Teodula alikula kwa mkono mmoja. Wa pili aliuacha umeshika ukindu, kwa kuwa aliona kikapu cha mtawa mwingine pembeni na hakujiamini.

Ndugu zangu, kila Kwaresima tunamchosha Mungu kwa kuomba atuondolee tabia zile zile, kisha tunarudi nyumbani kukaa bure mpaka zitukute. Tuanze kutenda jema mahali pale pale tulipozoea kukosea. Na lile tunaloliita wema, kabla hatujajisifu nalo, tukamuulize tuliyemtendea kama leo amekula.