Maji ya Kumwogesha Mtoto wa Tindiwe

“Mjukuu wangu haogi maji ya kutu!”

“Afadhali kutu, mkwe. Yenu meusi kama masizi!”

Mchota makutanoni hachagui mto. Mmemsikia muuza maji akimrushia mteja wake maneno hayo, sasa mnataka kujua yalikotoka. Yalitoka kwenye ugomvi huo, wanangu, wakati mji wote huu ulikuwa kibanda kimoja.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha Tindiwe na mumewe, hapo kwenye ncha, Mto Rukere mwekundu unapokutana na Ndubi mweusi. Mume alikuwa mtu wa Rukere, ambako mtoto ni wa ukoo wa baba. Tindiwe alitoka Ndubi, ambako mtoto ni wa mama. Ila mwiko wao ulikuwa mmoja: mtoto hanyonyi kabla ya kuogeshwa maji ya mto wa ukoo wake.

Tindiwe akajifungua alfajiri. Jua linapanda, mabibi wawili wamebanana mlangoni, kila mmoja na mtungi wake, na nyuma yao watu wa ng'ambo zote mbili wamejaa kama harusini. Nani aache uhondo ule? Nalusiba, mama wa mume, akasukuma. Chemunda, mama wa Tindiwe, naye akasukuma. Mitungi ikagongana, ikapasuka.

“Umeona ulichofanya?”

“Mimi au wewe?”

“Hebu nyamazeni!” mtu akasema. “Mbona mtoto halii tena?”

Jamani! Hata waliokuwa wakicheka, vinywa vilibaki wazi.

Tindiwe akatoka. Mzazi wa siku moja, nje, kabla ya arobaini! Watu wakashika vichwa. Akapita katikati yao, mtoto amelegea kifuani, akaingia majini pale rangi mbili zinapochanganyika, akachota kwa kiganja, akammwagia. Mtoto akashtuka, akapiga ukelele. Akampa titi palepale, mbele ya wote.

“Tindiwe,” Nalusiba akaita kutoka mlangoni, “hayo maji ni ya mto gani?”

Tindiwe akanyonyesha mpaka mtoto aliposhiba. Wengine walikuwa bado wamesimama tu. Baadhi yao hawakurudi tena ng'ambo, walijenga hapohapo, na ndiyo mitaa yenu hii.

Tindiwe akarudi mlangoni, akawakuta wale wakwe wawili juu ya vigae vya mitungi yao, hakuna anayemtazama mwenzake.

“Mchota makutanoni hachagui mto,” akawaambia. “Haya mama zangu, uji umeiva. Ingieni tunywe.”