Nundu ya Harusi ya Havijawa

Sogeeni! Anayetafuna ameze kwanza, hii haitaki sikio moja.

Alikuwepo binti, Havijawa, mamake kafariki yeye bado ananyonya. Wakamlea wanawake watatu. Mama mdogo Sikudhani, huyo dawa zote za majani zimo kichwani. Mama wa kambo Zamda, mdomo mchungu, ana mpera wake nyuma ya nyumba, heri umguse mumewe kuliko mti ule! Na shangazi Mwanahamisi, yule alimfukuza chatu kwa mwiko.

Siku ya harusi ng'ombe kachinjwa, mara mvua! Mto ukabeba daraja, wakwe wamekwama ng'ambo. Na joto lile! Havijawa akalia, "Nyama ikioza watasema nimeanza ndoa na mkosi."

Sikudhani akasema, "Chemsheni majani ya mpera mpaka maji yawe meusi tii. Yakipoa tuloweke nyama, kisha tuibanike. Itakaa."

Lakini majani ya kutosha ng'ombe mzima yatoke wapi? Zamda akautazama mpera wake, umejaa maua. Akaupanda, akaukwanyua wote ukabaki mifupa. Anashuka anajifuta macho.

"Mnanitazama nini? Vumbi!"

Mvua yote ile, vumbi! Haya.

Maji ya mto yalipopungua wakwe wakavuka. Mama mkwe akanusa sinia. "Ng'ombe wa tangu lini huyu? Mnataka kutuua?" Wakaanza kuinuka. Mwanahamisi akashika pande nono, akatafuna mbele yao, akakaa kitako. Watu macho kodo, wanangoja aanguke. Na yeye mwenyewe hana hakika, maana hakuna aliyekuwa ameionja.

Baada ya kitambo akabweka, "Jamani, pilipili iko wapi?"

Wakala mpaka wakalamba vidole.

Sasa kwao nundu ya ng'ombe wa harusi haikatwi. Bibi harusi anampa mama yake mbele ya watu, na anayeipokea ndiye atakayempeleka kwa mume, ndiye wajukuu watamwita bibi. Mmoja tu.

Havijawa kasimama na sahani ya nundu. Sikudhani anatabasamu. Mwanahamisi keshatandaza kanga mapajani. Zamda kainama, hata shingo hakunyoosha, kama mtu anayejua hatapewa.

Bila dawa ya Sikudhani nyama ingeoza. Bila mti wa Zamda, dawa ingekuwa maneno matupu. Bila meno ya Mwanahamisi, wakwe wangerudi kwao.

Nundu inapoa. Je, ungekuwa wewe Havijawa, ungempa nani? Na hao wawili, kesho ungewaamkia kwa uso gani?