Kidani Alichokipenda Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Pimbi. Asiyemjua pimbi na asikie: ni mnyama mdogo wa majabalini, mnene kidogo, mkia hana. Nyinyi wa huko nyuma mnacheka nini? Hata yeye mwenyewe alijicheka.

Bi Pimbi aliishi katika ufa wa jabali na watoto wake watatu. Mkubwa aliitwa Kidawa, na wadogo wawili walikuwa mapacha.

Kazi yake ilikuwa kutunga shanga. Alitunga shanga za mbegu, za maganda ya konokono, na za udongo alioupaka rangi kwa majani na maua. Tuseme kweli, yeye aliipenda kazi, kazi haikumpenda. Mkono mmoja ulikuwa unatunga, mkono wa pili unachomoa ushanga puani mwa pacha. Akihesabu nyekundu, nyeupe, nyekundu, mtoto analia, akirudi ameshasahau. Vidani vyake vilikuwa vizito upande mmoja, na watoto wakivivaa walitembea shingo upande.

"Mama, hiki ni kidani au kamba ya mbuzi?" Kidawa humuuliza.

"Ni kidani. Lakini mbuzi akikitaka, tutazungumza," mama hujibu. "Mwanangu, kati ya mafundi wote wa jabali hili, mimi ndiye wa mwisho. Na jabali hili fundi ni mmoja."

Basi kikaja kiangazi kikali. Maji ya mwambani yakakauka, kikabaki kijito cha bondeni tu. Asubuhi moja Bi Pimbi aliamka kuwamba ngoma ya watoto, na maji ya mwisho ya mtungini akayamimina kulowesha ngozi. Alisema moyoni, nikimaliza nitashuka kijitoni kuteka mengine.

Akamaliza. Akabeba mtungi. Kufika mlangoni, tii, amekaa Fisi.

"Hodi hapa," alisema Fisi.

Bi Pimbi akarudi ndani mbio. "Nani?"

"Mimi Fisi. Nimekuja kuwasalimia watoto."

"Salamu zimefika, Bwana Fisi."

"Basi watoke waitikie."

"Wamelala."

"Nitawangoja. Mimi haraka sina, nina njaa tu."

Ufa ulikuwa mwembamba, Fisi hakuweza kuingia. Lakini nao hawakuweza kutoka. Jua likapanda, jabali likawaka. Mapacha wakaanza kulilamba jiwe wakitafuta unyevu, na hapo Bi Pimbi akaumia kweli.

"Mama gani huyu," akajisemea, "anayeinywesha ngoma, watoto wake wana kiu?"

Aliogopa, msidhani hakuogopa. Alitetemeka mpaka kikapu cha shanga kikamponyoka. Chakacha! Shanga zikamwagika, zikabingirika hadi miguuni pa Fisi.

Fisi akaokota mmoja, akaulamba, akautema. "Ptu. Chakula gani hiki?"

"Si chakula, bwana. Ni shanga. Huvaliwa shingoni."

"Na nani?"

Ukweli ni kwamba kidani chake cha mwisho kilivaliwa na mtungi. Lakini Bi Pimbi alijibu bila kupepesa macho, "Na wakubwa."

Fisi akakaa sawa. "Mimi si mkubwa?"

"Ndiyo nashangaa, bwana, mkubwa kama wewe kutembea shingo tupu."

Hapo alimgusa penyewe. Kwenye ngoma za wanyama, Chui alikuwa akimcheka Fisi mbele za watu kwa manyoya yake yaliyochakaa. "Nitungie," Fisi akasema. "Nitungie sasa hivi, halafu ndiyo nile."

Bi Pimbi akatazama huku na huku. Uzi wake wote mapacha walikuwa wameutafuna. Kilichokuwapo ni ukanda wa ngozi mbichi uliobaki kwenye ngoma, bado umelowa chepechepe. Akaushika, akautazama, akaitazama na ngoma iliyoanza kukauka, ngozi yake ikijivuta. Akatabasamu.

"Kidawa," akanong'ona, "nishikie shanga."

"Mama, unamtungia Fisi?"

"Nishikie, nimesema."

Akatunga upesi upesi, bila kuhesabu, nyekundu mahali pa nyeupe na konokono mahali popote. Kisha akaita, "Tayari, bwana. Sasa nipe kisogo. Kidani cha heshima hufungwa kwa nyuma, na mvaaji hageuki mpaka fundi amalize."

Fisi akageuka, meno yakaelekea bondeni. Bi Pimbi akatoa mikono miwili tu nje ya ufa, akapima. Kisibane, kisilegee. Akafunga fundo, akalikaza kwa nguvu zake zote. Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

"Kimenikaaje?" Fisi akauliza.

Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Pimbi swali hilo. Moyo wake wa fundi ukaruka kwa furaha, mjinga wa watu, akasahau kabisa anayeuliza ni nani. "Kimekukaa vizuri sana," akasema, na machozi yakamlenga. Kidawa alimfinya ndipo akazinduka. "Ila kaa juani kwanza, bwana, fundo likauke."

Fisi akakaa juani. Ngozi ikaanza kukauka. Kr, kr, kr.

"Bibi, mbona kinabana?"

"Kinakuzoea. Kisichobana ni cha kuazima."

"Nikikilowesha kidogo?"

"Rangi itachuja, na Chui atapata la kucheka."

Fisi akavumilia. Jua lilipofika utosini, Bi Pimbi akajua hakuna njia nyingine ya kuijaribu kazi yake. Watoto hawezi kuwatanguliza. Akawabusu, akajitwisha mtungi, akatoka mwenyewe.

Gwap! Fisi akamdaka, mtungi ukabingirika majanini. Na mlafi, kama mjuavyo, hatafuni. Akammeza, yaani alijaribu. Guk. Bi Pimbi akafika kooni, akakwama. Fisi akasukuma, guk, guk, macho yakamtoka. Mwisho akakohoa, na mama wa watu akarushwa nje, akaanguka kwenye majani amelowa mate.

"Kikate!" Fisi akalia kwa sauti nyembamba. "Kikate, nakufa!"

Hapohapo Chui akapita. Akasimama, akamzunguka Fisi taratibu.

"Bwana Fisi," akasema, "leo umependeza. Shingo imenyooka kama ya mfalme. Nani kakuvisha?"

Fisi akamtazama Bi Pimbi. Akamtazama Chui. Maisha yake yote alikuwa akilisubiri neno hilo kutoka kinywani mwa Chui. Akameza mate kwa taabu.

"Fundi wangu," akasema. "Ndivyo ninavyovaa siku hizi."

"Na mimi nataka. Tena kinibane kuliko chake."

Bi Pimbi akajifuta mate ya Fisi usoni, akalowesha nayo kipande cha ngozi kilichosalia. "Kaa hapo juani, bwana," akasema. "Nipe kisogo."

Jioni ile watoto wa pimbi waliteremka kijitoni, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Kando ya njia waliketi Fisi na Chui, shingo wima, kila mmoja na bakuli la uji mwepesi, maana kingine hakipiti kooni.

"Mmependeza, wajomba," akasema Kidawa.

"Asante, mwanangu," wakajibu kwa sauti za vifaranga, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuvua.

"Masika yakija ngozi italegea, mama," Kidawa akasema njiani.

"Italegea. Lakini masika yakija nyinyi mtakuwa na mbio kunishinda mimi." Bi Pimbi akahamisha mtungi begani, akacheka peke yake. "Wateja wawili tangu nizaliwe, na wote hawapumui vizuri. Kweli mimi ni fundi."

Ndiyo maana tunaambiwa, watoto: mpenda sifa hutoa shingo mwenyewe afungwe, na akishafungwa hushukuru.