Paa la Mama Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba, na juu je?

Juu kunavuja, tuambie!

Haya, sogeeni. Hapo kale, kale ya kale hasa, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kuezeka makuti, aliishi Digidigi mmoja, mama kijana, na mtoto wake mchanga, Sikudhani. Digidigi alikuwa mwoga, mwoga jamani! Jani likidondoka, yeye mbio. Kuku akipiga chafya, yeye mbio.

Basi mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Sikudhani alikuwa na kifua, anakohoa koho koho, na paa lao lilivuja mahali pamoja. Tone moja tu, to! Juu ya kitanda cha mtoto.

Ndipo akapita Tumbili, fundi wa kuezeka, kamba begani, panga kiunoni, anaimba:

*Kuti juu ya kuti,*
*ndizi juu ya ndizi,*
*tumbo la fundi halivuji!*

"Fundi, fundi, hebu simama, pita ndani, angalia, ni tone moja lakini mtoto ana kifua na mvua ile pale inakuja, nitafanyaje mie, fundi, nitafanyaje?"

Tumbili akapanda. Akagonga boriti, akanusa kuti, akatikisa kichwa kama mganga.

"Pole sana, Mama Sikudhani. Paa lote limekufa."

"Limekufa!"

"Limekufa, limeoza. Mvua ya kwanza tu, mtalala na vyura. Nipe mkungu mmoja wa ndizi, nikuezekee makuti mapya."

Kobe alikuwa akipita njiani, taratibu. Akasema, "Mwanangu, tone moja hutaka kuti moja."

Tumbili akaangua kicheko. "Msikilizeni huyo! Kazaliwa na paa mgongoni, hajaezeka hata banda la kuku, anajua nini?"

Digidigi akaogopa vyura kuliko uongo. Akakubali.

Kumbe Tumbili alishapita kwa Ngiri: "Paa lote limekufa." Alishapita kwa Nungunungu: "Paa lote limekufa." Akaziezua nyumba zote tatu, akayapeleka makuti nyuma ya kilima, akayakung'uta vumbi, akayageuza. Kisha ya Nungunungu akaenda kumwezekea Digidigi, ya Digidigi akamwezekea Ngiri, na ya Ngiri akamwezekea Nungunungu. Paa jipya! Paa jipya! Paa jipya!

Na tena, sikilizeni hili. Kuti huanzia chini, kwenye upenu, kila la juu lilalie la chini yake, ili maji yateleze nje. Lakini Tumbili ni mtu wa juu. Kazaliwa juu, analala juu. Akaanzia juu akashuka chini! Basi kila kuti la chini likalalia la juu, limefungua mdomo kama kinda la ndege linalosubiri kulishwa.

Sasa, kijijini hapo kulikuwa na desturi. Fundi hali ujira wake mpaka akae mkekani chini ya paa lake, na mwenye nyumba amwage maji juu. Asipolowa, ale. Kwa Ngiri, Tumbili alisema ana haraka, akala. Kwa Nungunungu alisema mkewe mgonjwa, akala. Kwa Digidigi akabinyabinya ndizi, akasema, "Bado ngumu. Nitazifuata keshokutwa."

Kesho yake Digidigi akambeba mwanawe, akaenda kuliona paa jipya la Ngiri. Kutazama upenuni, macho yakamtoka. Makuti yameshonwa kwa ukindu mwekundu, mafundo mawili mawili. Mkono wa marehemu mama yake huo, aliyemshonea makuti ya nyumba yake!

Akakimbia nyumbani. Kutazama juu, mwiba wa nungunungu umening'inia katikati ya kuti, ncha yake imemwelekea Sikudhani.

Miguu ikataka mbio. Lakini mbio za kwenda wapi, na mvua inakuja, na mtoto anakohoa? Digidigi akakimbia, naam, ila safari hii alikimbilia kwa jirani. "Mama Ngiri, njoo na mtungi wa maji, Mama Nungunungu, wewe pia, usiniulize, nikisimama kueleza nitaogopa!"

Keshokutwa Tumbili akaja, anaimba. Mkungu ulikuwa mkekani, ndizi za njano, zanukia.

"Karibu, fundi wangu. Keti ule, ni za kwako zote."

Tumbili akaketi. Nje, ngazi ikaegemezwa. Ngiri akamwaga mtungi wa kwanza. To! Tone likampata Tumbili puani.

"Jasho hilo," akasema. "Fundi hodari hutoka jasho."

Nungunungu akamwaga mtungi wa pili. Chururu! Mpaka mgongoni.

"Umande huo," akasema, anamenya ndizi.

Mtungi wa tatu ulikuwa wa Digidigi. Ngazi ikatetemeka. Aa, si ngazi, ni miguu yake. Akafumba macho, akapanda, akaumwaga wote. Gharika! Maji yakashuka na vumbi, na mende, na ule mwiba, ukampata Tumbili penyewe anapokalia.

"Mamaaa!"

"Huo mwiba wangu!" Nungunungu akapiga kelele.

"Na paa langu ni la nani?" Ngiri akanguruma, amesimama mlangoni na pembe zake. "Haya, fundi. Hilo nalo ni jasho?"

Basi Tumbili akaziezua nyumba zote tatu upya, akarudisha kila kuti kwa mwenyewe, kuanzia chini kwenda juu, na Kobe amekaa kivulini akimhesabia: "Hilo shusha. Hilo rudia." Kwenye paa la Digidigi likachomekwa kuti moja jipya. Moja tu! Kuti la mwisho lilipofungwa, masika yakapiga. Sikudhani akalala mkavu, na mama yake, kwa mara ya kwanza, akaisikiliza mvua bila kukimbia.

Ndiyo maana hata leo Tumbili hakai chini ya paa. Mvua ikinyesha utamwona tawini, amejikunyata, anajishika pale penye mwiba.

Nanyi wanangu, usipochomeka kuti utaezeka nyumba. Na anayekwambia lote limeoza, panda kwanza ukaone mwenyewe, hata kama miguu inatetemeka.

Hadithi yangu nimeifunga kwa ukindu, mafundo mawili. Anayetaka kuifungua, aanzie chini.