Sato wa Mti Sebuleni kwa Mtesigwa

Bwana Mtesigwa, tajiri wa barafu pale mwaloni kunakoshushwa samaki, aliazima kwa Katondo sato wa mti, samaki wa kuchongwa, kombe la mbio za makasia ambalo babu wa Katondo alilishinda enzi hizo, eti apambie harusi ya bintiye. Harusi ikapita, sato hakurudi. Ghafla akawa urithi wa babu yake Mtesigwa, babu ambaye hata kuogelea alikuwa hajui!

Katondo, mchonga makasia, hakugomba. Wiki iliyofuata alitokea kwa mwenyekiti wa kijiji kabeba juu ya gunia sato mwingine, mweusi tii, kama aliyechakaa kwa uzee.

"Mwenyekiti, kombe halisi nimelikuta darini kwa bibi. Watu wa makumbusho wanakuja kulitazama."

Mtesigwa akafika mbio, tumbo likimtangulia. "Mwizi wewe! Huyo ndiye sato wa babu yangu!"

"Shikamoo, mzee. Si unaye mmoja nyumbani?"

"Yule pambo tu, hata bure simtaki! Babu alikuwa na sato mmoja, ndiye huyu."

"Labda walikuwa wawili, mzee wangu."

"Mmoja! Mwenyekiti, andika!"

Mwenyekiti akaandika, Mtesigwa akatia sahihi, kisha akamkumbatia sato wake kwa nguvu.

"Basi hongera," Katondo akasema. "Mwenyekiti, twende sebuleni kwake nikamchukue yule asiyemtaka, maana ndiye wangu. Na wewe mzee, usimbane sana huyo. Nimemchonga Jumanne, rangi haijakauka."

Mtesigwa akaitazama kanzu yake nyeupe. Kifuani alikuwa kalala sato mzima, mpaka mapezi.