Siku Bibi Veronika Alipokataa Kushuka

"Akupandishaye, muulize atakushushaje."

Asubuhi ya leo mmenisikia nikimwambia hivyo yule bwana aliyekuja kumchukua Bernadeta akafanye kazi Arusha, naye akamaliza chai yake harakaharaka akaaga. Sasa mnaniuliza maneno hayo niliyatoa wapi. Mnadhani ni ya mababu. Siyo. Si kila methali ina mvi, wajukuu zangu. Hii bado changa, na siku ilipotamkwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama ubavuni kwa aliyeitamka. Fabiani, weka simu chini. Ilianza hivi.

Wakati ule ushirika wetu wa maziwa hapa Endamasi ulikuwa umechoshwa na punda. Kiangazi ng'ombe wetu hulishwa kule juu ukingoni, Gidasi, nasi tuko huku chini penye barabara na tangi la kupozea maziwa. Katikati ni ile njia mnayoijua, mawe matupu, ambako gari halipandi na pikipiki ya kawaida hupinduka. Punda walitushushia maziwa, lakini punda hushuka kwa ratiba yake mwenyewe, na mara nyingi maziwa yalifika yameganda. Basi tukaamua kununua pikipiki ya magurudumu manne, ile yenye matairi manene yenye meno na keria ya chuma nyuma. Si ya kuchezea. Tulitaka ya kazi, yenye nguvu ya kubeba madumu ya maziwa na, ikibidi, mgonjwa.

Muuzaji, Bwana Mlay, alikuja nazo mbili tuchague. Moja ilikuwa kubwa, nyekundu, kifua mbele. Ikiunguruma, kuku wanatawanyika. Ya pili ilikuwa ndogo, rangi ya majivu, haina hata sura ya kusifiwa.

Sasa hapa ndipo mjue desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kosa letu. Kwetu punda hanunuliwi sokoni, hununuliwa mlimani. Unambebesha magunia mawili, unampandisha hadi Gidasi, na akifika bila kupiga magoti, biashara imekwisha. Mwanamke mzee wa kijiji humpaka siagi usoni, ndiyo baraka, mnunuzi na muuzaji wanakunywa kibuyu kimoja, basi. Hakuna aliyewahi kumjaribu punda kwa kushuka. Ya nini? Punda anaposhuka hupima kila jiwe kwa mguu wake, na mwenyewe yuko nyuma amemshika mkia.

Nasi watu wa punda tukazinunua pikipiki kama tunavyonunua punda.

Ile ndogo ilipanda polepole, utafikiri ina mazungumzo na kila jiwe. Watu wakapiga miayo. Ile kubwa ilipanda ikirusha kokoto, na kabla hatujamaliza kushangaa ilikuwa juu inatupigia honi. Mzee Tarmo, mwenyekiti wetu, alirusha kofia hewani. "Huyo ndiye dume!" alisema. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Uamuzi ukapita. Mizigo ikaachwa juu, zote mbili zikarudi chini tupu, wala hakuna aliyetazama zinavyoshuka. Ikabaki kupaka siagi.

Mwanamke mzee kuliko wote alikuwa Bibi Veronika, jirani yetu wa hapo penye mkaratusi. Magoti yake yalikuwa yamekufa, na kule Gidasi hakuwa amekanyaga kwa miaka mingi. Lakini huko juu alikuwa na dada yake, Anjela, ambaye macho yalikuwa yamemzimika na hawezi kuiacha nyumba. Mapacha wale. Walizaliwa tumbo moja, wakaolewa mmoja juu na mmoja chini, na uzee ukaweka mlima katikati yao. Walikuwa wakitumiana salamu kwa wachungaji. Bibi Veronika alizoea kusema kwamba anaomba jambo moja tu, amshike Anjela mkono kabla mmoja wao hajafukiwa.

Basi mnaelewa kwa nini tulipomwambia apande nyuma ya ile nyekundu akapake siagi kulekule juu, hakuuliza swali. Alijifunga kanga mbili, akamkamata Bwana Mlay kiunoni, akafumba macho, wakaondoka. Sisi wengine tulipanda kwa miguu. Tulipofika tuliwakuta ndugu hao wameketi kizingitini. Anjela alikuwa anampapasa mwenzake uso, kipande kwa kipande, huku akisema, "Umekonda, Vero. Mbona umekonda hivi?" Nililia, sifichi. Hata Mzee Tarmo alikwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jua lilipoanza kuegemea, Bwana Mlay akawasha mashine.

"Haya Bibi, twende. Siagi utapaka tukifika chini, watu wote waone."

Bibi Veronika aliinuka kwa mkongojo wake, akaja hadi pale njia inapoanza kuinama. Akachungulia. Kutoka chini mteremko ule huonekana mkali. Kutoka juu huoni njia kabisa, unaona mapaa ya watu.

"Mwanangu," akasema, "umenipandisha vizuri, Mungu akubariki. Sasa utanishushaje?"

Bwana Mlay akacheka. "Kama nilivyokupandisha, Bibi."

"Hapana. Kupanda, hii ilikuwa inavuta. Kushuka itavuta nini? Punda nilimshika mkia. Huyu wako mkia wake uko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Tarmo aliona haya mbele ya mgeni. "Mama Veronika, usituaibishe. Hiki chombo kina nguvu za farasi wengi!"

"Ndiyo ninachoogopa, Tarmo. Farasi wengi wakikimbia kuteremka, nani atawazuia?" Akaketi juu ya jiwe, mkongojo mapajani. "Siendi. Kuna magunia ya viazi pale kwa Anjela yanangoja kushushwa. Yafungeni mahali pangu. Yakifika, njooni mnichukue. Akupandishaye, muulize atakushushaje!"

Tulinung'unika. Wengine walisema uzee ni utoto wa pili. Lakini aliyekalia jiwe hakuwa na haraka, na Bwana Mlay, ambaye alikuwa mtu wa heshima licha ya majigambo yake, akasema hakuna neno, atatuonyesha. Wakafunga magunia mawili kwenye keria, palepale alipokuwa amekaa Bibi. Akatupungia mkono, akashuka.

Mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha njia ikainama zaidi, na tukaona mwendo unaongezeka wala yeye haongezi mafuta. Baadaye ndipo alipotueleza kwamba mashine ile ilitengenezwa kwa kukimbia. Ukiachia mafuta, magurudumu yanajiendea yenyewe, na kazi yote inabaki kwa breki. Na breki, kwa uzito ule na mteremko ule, zilichemka zikalegea. Moshi tuliuona. Harufu ya kuungua ilitufikia hadi tulipokuwa. Magunia yakaanza kuisukuma mashine kwa nyuma, nayo ikakaa upande, ikaserereka kuelekea korongo la Kona ya Mawe.

"Ruka!" Mzee Tarmo alipiga ukelele uliopasuka katikati. "Ruka, mwanangu, ruka!"

Vumbi likafunika kila kitu. Tukasikia chuma kikigonga jiwe, tena jiwe, kisha kimya. Mimi nilijikuta nimemshika Bibi Veronika bega. "Mwombeeni," alikuwa anasema. "Siulizi pikipiki. Mtoto wa watu yuko wapi?"

Na mtoto wa watu akatoka vumbini. Alikuwa ameruka juu ya kichaka cha mkwakwa, nguo zimechanika, kiwiko kinavuja damu, lakini anatembea kwa miguu yake miwili. Sijui kama mmewahi kusikia watu wote wakishusha pumzi kwa pamoja. Ni sauti tamu. Wanawake walipiga vigelegele.

Bwana Mlay alipanda hadi kwetu, akapiga magoti mbele ya lile jiwe.

"Bibi," akasema, "nyuma yangu ulipaswa kuwa wewe."

"Lakini vilikuwa viazi," akajibu Bibi Veronika, akimpangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga. "Tushukuru. Viazi hupandwa tena."

Usiku huo alilala kwa dada yake, na nasikia hawakulala, waliongea hadi jogoo akawakatiza. Asubuhi Mzee Tarmo alitangaza kwamba mambo ya mashine yameisha, turudi kwa punda wetu. Bibi Veronika ndiye aliyemkatalia. "Basi mimi niozee huku? Leteni yule mdogo. Naye mpeni magunia."

Bwana Mlay aliipandisha ile ya majivu, na kiwiko chake kimefungwa kitambaa. Ikafungwa magunia mawili mengine. Alipofika penye mteremko aliingiza gia ndogo kabisa, akaachia mafuta, nasi tukaona jambo ambalo jana hatukuwa na akili ya kulitafuta: injini yenyewe iliyashika magurudumu. Ilishuka pole kama ilivyopanda, inapima kila jiwe, breki akizigusa tu. Ikapita Kona ya Mawe. Ikafika chini. Huko watu walipiga kelele hadi tukawasikia.

Iliporudi juu, ndipo Bibi Veronika akapanda. Alishuka ametazama mbele, macho wazi, na sisi nyuma tunakimbia kwa miguu tukicheka kama watoto waliosamehewa. Alipokanyaga udongo wa Endamasi alisimama kidogo, akajishika kifua, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaomba siagi, akaipaka ile mashine ndogo kwenye taa yake.

Mzee Tarmo akamuuliza mbele ya watu, "Mama, sisi wote tulitazama nguvu. Wewe ulijuaje?"

"Sikujua chochote," akasema. "Niliogopa. Na nilipoogopa, niliuliza."

Tangu siku hiyo alikuwa akipandishwa kila Jumamosi kwa Anjela na kushushwa Jumapili baada ya misa, na wakati Anjela alipofariki, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa pacha wake.

Haya, mmesikia. Bernadeta, yule bwana wa asubuhi alikuahidi chumba, mshahara na nauli ya kwenda. Nilimuuliza: mjukuu wangu akiugua? Kazi ikikatika? Akitaka kurudi kwao? Uliona mwenyewe alivyoangalia kikombe. Nguvu ya kukupandisha anayo, mjukuu wangu, sibishi. Na atakayekuja kesho huenda akawa mtu mwema mwenye jibu, basi utakwenda, nami nitakufungia chakula cha njiani. Ila usione haya kukaa juu ya jiwe kwanza. Akupandishaye, muulize atakushushaje.